Kabla ya Kuuza Gari Lako la Zamani: Ya Kutengeneza, ya Kuacha na ya Kusema

Mnunuzi anapolizunguka gari lililotumika, akafungua milango na kuinama kutazama chini, moyoni mwake huwa na swali moja: ni jambo gani analolijua muuzaji ambalo mimi silijui? Kila asilolijua hulipigia hesabu ya hasara na kulikata katika bei. Ndiyo maana magari mawili ya aina moja, yaliyotengenezwa mwaka mmoja, huweza kusimama pamoja mjini Kibiti na yakauzwa kwa bei zinazotofautiana sana. Mara nyingi kinachoyatofautisha ni mashaka ya mnunuzi kuliko uzuri wa rangi.

Makala hii inamweleza mwenye gari namna ya kupandisha thamani ya gari lake kabla ya kuliuza, pasipo kutupa fedha na pasipo kumdanganya mwenziwe. Imeandikwa kwa kuwazingatia zaidi wakazi wa wilaya za Kibiti na Rufiji, ambako maji ya chumvi, matope na mafuriko huacha alama katika magari. Hata hivyo, ushauri uliomo unamfaa mlaji wa mahali popote nchini.

Anza kwa kujua bei ya kweli

Watu wengi hutaja bei kwa kukumbuka fedha walizonunulia gari. Soko halikumbuki fedha hizo. Tafuta magari matatu au manne ya aina moja na lako, yenye umri unaokaribiana na lako, injini ya ukubwa uleule na gia za namna ileile, kisha uliza yaliuzwa kwa kiasi gani. Zingatia bei iliyolipwa, kwa kuwa bei iliyotangazwa ni matumaini ya muuzaji tu. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, anayeuza gari Kibiti au Ikwiriri anaweza kupata mnunuzi kutoka Dar es Salaam, Lindi au Mtwara. Kwa hiyo ulinganishe bei za hapo ulipo na za huko pia.

Hapa nchini wanunuzi wengi huuliza kwanza, "Ni namba gani?" Wanakusudia herufi ya kwanza kati ya zile tatu zinazofuata tarakimu katika kibao cha namba, kama vile namba C au namba D. Herufi hiyo huonyesha kwa makadirio wakati gari liliposajiliwa Tanzania. Haionyeshi mwaka lilipotengenezwa. Gari la mwaka 2003 lililosajiliwa nchini miaka 12 baadaye litakuwa na herufi ya mbele zaidi kuliko gari la mwaka 2005 lililoingia mapema. Ikiwa gari lako lina herufi ya zamani lakini ni jipya kwa umri, taja mwaka wa kutengenezwa na uonyeshe kadi. Ikiwa ni kinyume chake, usiitumie herufi kumficha mnunuzi umri wa gari. Atausoma katika kadi hiyohiyo.

Usafi wenye faida

Usafi ndio utengenezaji wa gharama ndogo kuliko wote, na ndio unaoonekana kwanza. Lakini si usafi wa juujuu.

Magari yanayobeba samaki na kamba kutoka Nyamisati na vijiji vya ukanda wa delta hudondokewa maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi. Maji hayo hupenya chini ya kapeti, yakakaa juu ya bati la sakafu na kuanza kulila taratibu. Manukato yanayoning'inizwa kwenye kioo hayaondoi harufu yake. Humfanya mnunuzi aamini kwamba kuna jambo linalofichwa. Toa siti na kapeti, osha kwa sabuni na maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha anika juani hadi zikauke kabisa, hata ikichukua siku mbili au tatu. Kabla ya kurudisha kapeti, kagua bati la sakafu, sehemu ya tairi la akiba na pembe za milango.

Osha pia sehemu ya chini ya gari, hasa nyuma ya magurudumu, ambako matope hukaa na unyevu. Usielekeze maji yenye nguvu kwenye nyaya, alteneta na kompyuta ya gari. Wengi wamesafisha injini ili ing'ae, kisha ikagoma kuwaka mbele ya mnunuzi.

Ukikuta kutu ya juu, ikwanguliwe, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya gari. Ukikuta bati limetoboka, lichomelewe na fundi anayeaminika, au liachwe lionekane na liingizwe katika bei. Kuziba tundu kwa puti na kulipaka rangi nyeusi juu yake ni kuficha. Mnunuzi mwenye fundi makini hugonga kwa kidole, akasikia mlio mzito wa puti, na kuanzia hapo haliamini tena gari zima.

Yanayostahili kutengenezwa

Tanguliza yanayohusu uhai wa watu: breki, tairi, usukani, taa, wipa na mikanda ya usalama. Haya hayapasi kuwa mambo ya kujadiliana. Anayenunua gari lako leo huenda kesho akabeba watoto wake, au abiria, usiku katika Barabara ya Kilwa.

Kwa tairi, tazama ubavuni tarakimu nne zinazoonyesha tarehe ya kutengenezwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tarakimu 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri lakini likawa limekakamaa na kupasuka kwa umri na jua. Mnunuzi anayejua hili atalisoma. Ni heri ulisome wewe kwanza.

Zifuatazo ni kasoro ndogo zinazosikika gari linapojaribiwa: bushi na boljointi zilizolegea, shokapu zilizokufa, mlango usiofunga vizuri, kioo kisichopanda. Kila mlio barabarani humfanya mnunuzi awazie gharama kubwa kuliko iliyopo. Kubadilisha bushi mbili kunaweza kuondoa mlio ambao mnunuzi angeudhania kuwa ubovu wa usukani mzima.

Badilisha oili na chujio lake, na utunze risiti. Unaponunua spea dai risiti ya mashine ya EFD, na kwa kazi ya gereji mwombe fundi aandike tarehe, kazi aliyofanya na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Bahasha moja yenye risiti za miaka mitatu huweza kumtuliza mnunuzi kuliko maneno ya saa nzima. Jihadhari na spea bandia: pedi ya breki ya bei ya kutupa ni hatari kwako kabla hata ya kumfikia mnunuzi. Ukishuku kuwa umeuziwa bidhaa bandia, toa taarifa Tume ya Ushindani, yaani FCC.

Kuhusu taa za tahadhari katika dashibodi, tafuta chanzo cha tatizo. Wapo wanaofuta kumbukumbu ya hitilafu kwa kompyuta asubuhi ya kuuza, au kung'oa balbu ya taa ya injini. Hila hizi hazidumu. Ufunguo unapozungushwa kabla ya kuwasha injini, taa hiyo hutakiwa kuwaka, kisha kuzimika injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, mnunuzi mjuzi anajua kuwa imeguswa.

Yanayofaa kuachwa

Kosa linalowagharimu wauzaji wengi ni kutengeneza kupita kiasi. Tuchukue mfano, tarakimu zake zikiwa za kuonyesha hesabu tu. Tuseme gari aina ya Noah, kwa hali lililo nayo, limefikiwa bei ya Sh 7,000,000. Mwenyewe analipaka rangi lote kwa Sh 1,400,000, na mnunuzi anaongeza Sh 800,000. Gari limependeza, lakini muuzaji amepoteza Sh 600,000.

Tuseme sasa kwamba, badala ya rangi, angetumia Sh 80,000 kwa usafi wa ndani na wa chini, Sh 120,000 kwa pedi za breki na ufundi, Sh 100,000 kwa bushi na Sh 50,000 kwa taa na wipa. Jumla ni Sh 350,000. Ikiwa mnunuzi ataacha kukata Sh 700,000 alizokuwa akizikata kwa hofu, muuzaji atabakiwa na faida ya Sh 350,000, na gari litakuwa salama zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kila matengenezo jiulize maswali mawili. Je, kasoro hii inahatarisha maisha? Je, mnunuzi atakata fedha nyingi kuliko nitakazotumia? Jibu likiwa ndiyo kwa mojawapo, tengeneza. Likiwa hapana kwa yote mawili, iache, uitaje na uipangie bei.

Rangi mpya ina hasara nyingine. Gari lililopakwa rangi juzi humfanya mnunuzi aulize liligongwa wapi. Mikwaruzo midogo huondolewa kwa polishi. Bampa lililochubuka laweza kupakwa peke yake. Usibadilishe rangi ya gari bila kufuata taratibu, kwa sababu rangi na namba ya injini huandikwa katika kadi ya usajili. Gari lisilofanana na kadi yake huleta maswali kwa polisi na kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Hali kadhalika, injini iliyobadilishwa na haikuandikishwa hushusha bei hata ikiwa nzima.

Gari lililoingia maji

Hapa ndipo penye uzito kwa wakazi wa bonde la Mto Rufiji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika makazi na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Gari lililosimama katika maji huweza kukaushwa, kuoshwa na kuwaka vizuri kwa miezi kadhaa, huku viungio vya nyaya, bearingi za magurudumu na vifaa vya umeme vikiendelea kuliwa kimyakimya. Maji yenye chumvi, kama yale yanayopanda na bamvua kuelekea mikoko, huharibu nyaya haraka kuliko maji ya mto pekee.

Ikiwa gari lako liliingia maji, kwanza mpe fundi wa umeme afungue na kusafisha viungio vya nyaya chini ya siti na nyuma ya dashibodi. Pili, oili ya injini, ya giaboksi na ya difu zikaguliwe. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Tatu, eleza kwa maandishi maji yalifika wapi: kwenye magurudumu, sakafuni, kwenye siti au kwenye dashibodi. Tofauti ya ngazi hizo ni kubwa. Maji yaliyoishia kwenye magurudumu hayana madhara sawa na yale yaliyofunika dashibodi, na muuzaji anayesema ukweli huo mapema humzuia mnunuzi asiwaze baya zaidi.

Nawe mnunuzi, vuta mkanda wa usalama hadi mwisho uone kama una mstari wa matope. Tazama skrubu za siti zilizoshika kutu, ukungu ndani ya taa za mbele, na mchanga katika sehemu ya tairi la akiba. Inua pembe ya kapeti, gusa na unuse. Nenda na fundi wako. Usimtumie fundi aliyeletwa na muuzaji.

Kunyamaza hapa si ujanja wa biashara. Anayelinunua gari hilo huenda ni mkulima aliyeweka akiba ya korosho za misimu miwili ili aanze kazi ya kusafirisha watu. Nyaya zikiungua akiwa njiani, amepoteza mtaji wote, na abiria wake wamo hatarini. Sheria nayo haiko upande wa mdanganyifu. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345 ya Sheria za Tanzania, mtu aliyeridhia mkataba kwa kudanganywa anaweza kuubatilisha. Ikiwa muuzaji ni mfanyabiashara, Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inamkataza kumpotosha mlaji. Maneno "gari linauzwa kama lilivyo" hayampi mtu ruhusa ya kusema uongo.

Kilomita zisiguswe

Kurudisha nyuma kilomita za gari ni udanganyifu, na hugundulika kwa urahisi. Usukani uliolainika kwa kushikwa, pedali zilizolika mpira na siti ya dereva iliyobonyea havilingani na kilomita 60,000. Magari yaliyotoka Japani mara nyingi huwa na hati ya kusafirishwa nje iliyoandikwa kilomita zilizosomeka wakati huo. Ukiwa na hati hiyo, itunze na uionyeshe. Kilomita nyingi zilizothibitishwa huaminiwa kuliko kilomita chache zisizo na ushahidi.

Karatasi pia ni thamani

Gari zima lenye karatasi zenye dosari huuzwa kama gari bovu. Kabla ya kulitangaza, hakikisha mambo yafuatayo:

- Kadi ya usajili ipo, na ina jina lako. Ikiwa ulinunua gari na hukuhamisha umiliki, mtafute mwenye jina na mkamilishe uhamisho kwanza.
- Namba ya chesisi na ya injini zinalingana na kadi.
- Hakuna faini za barabarani zinazodaiwa kwa namba ya gari hilo katika mfumo wa Jeshi la Polisi.
- Bima ipo na ni halali. Uhakiki wake hufanyika katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.
- Gari halijawekwa dhamana ya mkopo. Kama limewekwa, mkopeshaji ametoa ridhaa kwa maandishi.
- Ikiwa mwenye gari amefariki, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Makubaliano ya ndugu barazani, hata yakiwa ya nia njema, hayatoshi kuhamisha umiliki.

Siku ya kuuza

Chagua wakati. Kwa wilaya hizi, wanunuzi huwa na fedha zaidi baada ya minada ya ufuta na ya korosho kuliko katikati ya masika, barabara zinapoharibika na kila mtu anapoogopa gari chakavu.

Ukimtumia dalali, mkubaliane ujira wake kwa maandishi na umweleze bei ya mwisho. Usipofanya hivyo, atataja bei yake mwenyewe ili apate cha juu, na mnunuzi mzuri atakimbia kwa gharama ambayo haikuwa yako. Mnunuzi akitaka kulijaribu gari, fuatana naye. Usikabidhi ufunguo wala kadi kwa kuonyeshwa ujumbe wa malipo katika simu yake; thibitisha salio lako mwenyewe. Kwa fedha nyingi, malipo yafanyike benki.

Andikeni mkataba wenye majina kamili, namba za vitambulisho, namba ya usajili na ya chesisi, bei, tarehe na saa ya makabidhiano, pamoja na kasoro zote zilizotajwa. Orodha hiyo ya kasoro humlinda muuzaji kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu mnunuzi hawezi baadaye kudai kuwa alifichwa jambo alilolitilia saini. Mkubaliane pia nani atalipa ushuru wa stempu na ada za uhamisho.

Mwisho, hakikisha umiliki umehamishwa TRA. Wengi hupokea fedha, wakamkabidhi mwenzao kadi na kuaga. Maadamu jina lako lingali katika kadi, faini zitaendelea kuandikwa kwa gari lako, na gari likisababisha ajali au likitumika katika uhalifu, wewe ndiwe utakayetafutwa kwanza. Baki na nakala ya mkataba na uthibitisho wa uhamisho.

Ukiuziwa gari kwa udanganyifu na mfanyabiashara, peleka malalamiko Tume ya Ushindani ukiwa na mkataba, risiti na picha. Ukiuziwa na mtu binafsi, fungua shauri mahakamani, na penye dalili za jinai toa taarifa polisi. Fanya hivyo mapema, kabla gari halijafunguliwa na mafundi wengi na ushahidi kupotea.